Mengineyo

Ndugu msomaji, leo naandika juu ya neno moja. Si neno la falsafa, wala si istilahi ya siasa, ingawa sehemu kubwa ya siasa yetu imejificha ndani yake. Kila aliyewahi kukaa katika kikao chochote nchini, kiwe cha kamati ya shule, cha bodi ya shirika la umma au cha maandalizi ya harusi, amelisikia likisomwa mwishoni mwa orodha ya ajenda, kabla tu ya kufunga: mengineyo.

Jumamosi moja ya mwezi Septemba, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimeketi katika ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, katika kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Ndanda, wilayani Masasi. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia. Tulikuwa wajumbe saba wa bodi, pamoja na meneja wa chama, ambaye ndiye katibu wa kikao, na mhasibu. Barua ya mwito ilitaja saa tatu asubuhi. Kikao kilifunguliwa saa tano kasorobo, akidi ilipotimia. Ajenda zilikuwa saba, na hakuna mjumbe aliyekuwa ameziona kabla ya kuingia chumbani. Tuligawiwa karatasi moja moja mlangoni, tukaanza.

Ajenda ya nne ilihusu viatu vya mlinzi. Tuliijadili kwa saa moja na dakika kumi; nina hakika kwa sababu niliitazama saa yangu mara nyingi kuliko nilivyowatazama wajumbe wenzangu. Mmoja alitaka vinunuliwe Masasi mjini, mwingine akasema vya Mtwara ni imara zaidi. Wa tatu alikumbusha kwamba mlinzi aliyetangulia aliacha kazi akaondoka na viatu vya chama miguuni, na jambo hilo halijawahi kupatiwa ufumbuzi. Mzee mmoja akatusimulia namna walinzi wa enzi za Mamlaka ya Korosho walivyokuwa wakipewa makoti mazito. Kila mtu alikuwa na la kusema, kwa sababu kila mtu amewahi kununua viatu.

Saa tisa na nusu tulifika kwenye mengineyo. Harufu ya kuku ilikuwa imekwisha kuingia dirishani kutoka kwa mama ntilie wa jirani, na bahasha za posho zilikuwa zimepangwa mbele ya mhasibu. Mwenyekiti alivua miwani. “Ndugu wajumbe,” akasema, “hapa kuna jambo dogo tu.” Jambo dogo lilikuwa hili: kuanzia msimu ule chama kikate shilingi 30 katika kila kilo ya korosho ya kila mwanachama, ili kijenge ghala lake chenyewe na kuachana na la kupanga. Fundi alikuwa amekwisha kupatikana. “Kuna mwenye hoja?”

Nilikuwa na hoja nne. Fundi huyo amepatikanaje? Makadirio ya gharama yako wapi? Shilingi 30 zitakatwa kwa misimu mingapi? Na, kubwa kuliko zote, je, si mkutano mkuu wa wanachama ndio unaoidhinisha makisio ya mapato na matumizi, na sisi bodi ni watekelezaji tu? Zote nilizimeza. Nilisema, “Tumeafiki, Mwenyekiti,” na sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Jambo lote halikuchukua dakika nne.

Yupo Mwingereza aliyeitwa C. Northcote Parkinson, mwanahistoria aliyekuwa akifundisha Singapore katika miaka ya 1950, ambaye alieleza kwa kejeli kamati moja ya kubuni inayopitisha mradi wa kinu cha nyuklia kwa dakika mbili na nusu, kisha ikatumia dakika arobaini na tano kubishana juu ya banda la baiskeli za makarani. Nimewafundisha wanafunzi wangu habari hiyo kwa miaka mingi, nao hucheka mahali panapostahili kuchekwa. Siku ile nilikuwa ndani ya banda la baiskeli na sikuligundua.

Yafaa nieleze nilifikaje katika bodi hiyo. Nafundisha chuo kikuu, na nina shahada ya uzamivu. Hapa Ndanda, ambako hospitali ya misheni ndiyo fahari ya eneo zima, neno “daktari” lina maana moja tu, na hadi leo wapo wazee wanaonionyesha magoti yao yanayouma. Nikiwaeleza kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, huniangalia kwa huruma. Lakini kwetu, kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, mjomba ni mtu mzito, na mjomba wangu alipozeeka alinikabidhi mikorosho yake. Nikawa mkulima wa likizo na mwishoni mwa juma, nikalipa kiingilio na hisa, nikawa mwanachama. Mwaka uliofuata mkutano mkuu ukanichagua mjumbe wa bodi. Hoja iliyotolewa na aliyenipendekeza ilikuwa kwamba “tunahitaji msomi mmoja mle ndani asidanganyike”.

Kwa nini basi nilinyamaza? Nimelitafakari swali hili kuliko maswali mengi ya taaluma yangu. Njaa ni sehemu ya jibu, tusijifanye malaika. Adabu ni sehemu nyingine, tena kubwa. Mwenyekiti ni rika la mjomba wangu, waliingia jandoni pamoja, na nilipokuwa mtoto alipata kunibeba kwenye baiskeli yake hadi hospitalini nikiwa na homa. Mtu wa namna hiyo humwulizi mbele ya watu, “Fundi umempataje?” Lakini kulikuwa na sababu ya tatu ambayo inaniaibisha zaidi: niliogopa kuonekana sijaelewa. Msomi wa kikao, akiuliza swali la mtu asiyejua, anahofia kuvuliwa joho lake.

Katika aibu hiyo nina wenzangu wakubwa. Kampuni ya Enron ya Marekani, iliyofilisika Desemba 2001, ilikuwa na bodi ya watu wenye vyeo na elimu ya kutosha kuendesha nchi. Kamati yake ya ukaguzi iliongozwa na Robert Jaedicke, profesa wa uhasibu aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Stanford. Bodi hiyo ndiyo iliyomruhusu, mwaka 1999, ofisa mkuu wa fedha wa kampuni kuendesha mfuko wake binafsi uliokuwa ukifanya biashara na kampuni hiyo hiyo. Hawakukosa elimu. Walikuwa wakiketi, wakipokea taarifa, wakiafiki, na kuondoka.

Desemba nilirudi nyumbani kwa likizo. Asubuhi ya pili alinijia mama mdogo wangu wa ukoo, mjane, mwenye shamba la mikorosho upande wa Mwena. Alikuwa ameshika hati yake ya malipo, ameikunja mara nne na kuiweka ndani ya kipande cha kanga. Msimu ule alikuwa amepeleka kilo 412. Hakuwa amekuja kugomba.

“Mwanangu,” akasema, “makato mengine nayajua. Hii thelathini ni ya nini?”

Nikamweleza habari za ghala. Akaniuliza litajengwa wapi, nikamtajia kiwanja. Akaniuliza litakuwa kubwa kiasi gani, sikujua. Akaniuliza litakwisha lini, sikujua. Akaniuliza ni nani aliyekubali, nikamwambia bodi. “Na wewe si umo?” Nilikuwemo. Tulipiga hesabu pamoja: shilingi 12,360. Kwa msomaji wa mjini hiyo ni nauli na chakula cha mchana. Kwake yeye ilikuwa ni madaftari ya wajukuu watatu, na akanieleza hivyo bila kupandisha sauti. Alipokwisha ondoka nilikwenda ofisini kwa chama, nikaomba muhtasari wa kikao cha Septemba. Ajenda ya viatu ilichukua ukurasa mzima na robo. Chini kabisa, chini ya mengineyo, kulikuwa na mstari mmoja: wajumbe waliafiki kwa kauli moja makato ya ujenzi wa ghala. Na chini yake, saini zetu saba. Yangu ndiyo iliyokuwa ya madaha kuliko zote.

Labda utasema, ndugu msomaji, kwamba shilingi 30 si jambo la kuandikia makala. Ningekubaliana nawe kama Kusini kusingekuwa na kumbukumbu. Mwaka wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka hadi zikakaribia tani 17,000 tu. Sababu ni nyingi: watu kuhamishiwa vijijini na kuacha mikorosho yao mbali, ugonjwa wa ubwiriunga, bei duni. Lakini moja ya sababu hizo ilikuwa mwaka 1976, serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika na kuacha biashara ya zao mikononi mwa mamlaka ambayo mkulima hakuichagua wala hakuwa na kiti katika vikao vyake. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982. Mkulima aliyekwisha kujifunza kwamba maamuzi hufanyika mahali asipokuwepo hasahau upesi. Anauacha msitu uimeze mikorosho.

Kisha ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo chamani, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu na kuuzwa mnadani. Ni mfumo mzuri kuliko kangomba, ambako mlanguzi alikuja na bakuli lake na kupima umaskini wako. Hata hivyo kati ya shamba na fedha sasa kuna vikao vingi: bodi ya chama cha msingi, bodi ya chama kikuu, MAMCU kwa sisi wa Masasi na TANECU kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, na juu yao Bodi ya Korosho. Kila kikao ni mahali ambapo jambo linaweza kupita chini ya mengineyo. Aprili 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, nyumba za viongozi zilichomwa moto baada ya wakulima kulipwa pungufu ya walivyotarajia katika malipo ya pili. Tulizungumza sana juu ya uhalifu wa waliochoma, na uhalifu ulikuwepo. Juu ya mihtasari iliyotangulia moto ule hatukuzungumza sana.

Na tazama ajabu hii. Mkulima huyu huyu anayenyamaza kwenye bodi, mpeleke mnadani. Katika minada ya miaka ile bahasha za wanunuzi zilifunguliwa hadharani, bei zikasomwa kwa sauti, na wakulima wakaamua hapo hapo, wauze au wasiuze. Oktoba 2018, katika minada ya kwanza, bei zilizosomwa hazikufika shilingi 3,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia zilikaribia 4,000. Wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa. Walisema hapana mbele ya wanunuzi, mbele ya viongozi wa wilaya na mbele ya kamera. Yaliyofuata yanajulikana: Novemba ile Rais Magufuli aliivunja Bodi ya Korosho, akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300, na jeshi likaja kubeba mzigo. Uwezo wa kusema hapana, kumbe, tunao. Mnadani kila mtu anasikia bei ile ile kwa wakati ule ule, swali ni moja, na linaulizwa watu wakiwa na nguvu. Chumbani kwetu swali liliulizwa saa tisa na nusu, nalo halikuwa na karatasi.

Januari ile nilimtembelea mtawa mmoja mzee wa Abasia ya Ndanda, ambaye namfahamu tangu nikiwa kijana. Nilikwenda kumsalimu, nikajikuta naungama. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji, na tangu hapo watawa wake wamejenga barabara, shule, hospitali, karakana na kiwanda cha uchapaji, jambo ambalo haliwezekani bila vikao vingi sana. Nikamwuliza wanakaaje.

Alinieleza kwamba Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, ina sura nzima, ya tatu, juu ya kuwaita ndugu katika shauri. Jambo likiwa zito, abate huwaita wote, si wazee peke yao. Yeye mwenyewe hueleza jambo ni lipi, kisha anasikiliza. Na sababu ya kuwaita wote, kwa mujibu wa Kanuni, ni kwamba mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora. Jambo likiwa dogo, wazee wanatosha. Mzee yule alicheka kidogo, akasema: “Ninyi mmegeuza. Viatu mmewapa watu wote siku nzima, na ghala mmelipitisha kwa mlango wa jikoni.”

Nisieleweke vibaya. Kanuni ile si katiba ya kidemokrasia. Baada ya kusikiliza, abate huamua peke yake, na ndugu hutii. Bodi ya ushirika haiwezi kuendeshwa hivyo, na haifai. Lakini kwa karne kumi na tano watu hao wamejua jambo ambalo mimi, niliyesoma nadharia za utawala katika vyuo viwili, sikuwa nimelitia maanani: kwamba mwenye kiti kikubwa akisema kwanza, kikao kimekwisha. Na kwa kweli hata katika vikao vya ukoo nilivyohudhuria, mjomba mkubwa huwa wa mwisho kufungua kinywa. Tulipoondoka kwenye mkeka na kuingia ofisini, tukalisahau hilo nje pamoja na viatu vyetu.

Nilimwendea Mwenyekiti nyumbani kwake, jioni, peke yangu, kama adabu inavyotaka. Nilimwamkia, tukanywa chai. Nikamwambia nataka kusimama katika mkutano mkuu na kusema kwamba nilisaini jambo nisilolielewa. Alikaa kimya muda mrefu. “Unataka kuniaibisha, mwanangu?” Nikamwambia nataka kujiaibisha mwenyewe. Hakunielewa, au alinielewa sana. Mpaka leo sina hakika.

Mkutano mkuu ulifanyika chini ya mwembe wa shule, Ofisa Ushirika wa wilaya akiwepo. Nilisimama, nikasema. Watu wa nyuma walicheka. Kijana mmoja akapaza sauti, “Daktari gani huyu asiyejua alichosaini?” na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Kisha kikakatika, kwa sababu mzee wa upande wa kushoto aliuliza fundi alilipwa kiasi gani, na mhasibu hakuwa na jibu. Yaliyosemwa baada ya hapo yalikuwa makali, na mengine sikustahili peke yangu. Mwisho wa yote mkutano ulisimamisha makato, ukadai hesabu za fedha zilizokwisha kukatwa. Msingi wa ghala ulikuwa umechimbwa na kujengwa mawe kozi mbili. Upo hadi leo. Watoto wanarukaruka juu yake wakitoka shule. Sehemu ya fedha ilirudishwa. Sehemu nyingine ilikwenda katika mawe hayo, na siwezi kumrudishia mama mdogo jiwe.

Wengine tulidhani Mwenyekiti atajiuzulu. Hakujiuzulu, na mimi pia sikujiuzulu, ingawa niliandika barua na kuichana. Badala yake tulianza kurekebisha vikao, jambo linalochosha na lisilo na sifa. Makabrasha sasa yanawafikia wajumbe siku saba kabla, kwa Kiswahili kinachosomeka, na asiyeona vizuri anasomewa na mjukuu wake. Taarifa ya fedha inakuja mapema asubuhi, watu wakiwa hawajachoka. Mambo ya viatu anayamaliza meneja. Mwenyekiti anaeleza jambo, kisha tunaanza na mjumbe mdogo kwa umri, na yeye anafunga. Na chini ya mengineyo hakuna uamuzi unaoruhusiwa: ni salamu, misiba, matangazo, na jambo la kupangiwa kikao kijacho.

Juu ya posho tulikosana. Mimi nilitaka ilipwe asubuhi kabla ya kikao, ili bahasha isiwe inatuangalia wakati wa kuamua. Tulijaribu. Katika kikao cha kwanza wajumbe wawili walipokea, wakakumbuka kwamba wana wageni nyumbani, wakaondoka, akidi ikavunjika. Sasa inalipwa mwisho, lakini haiwekwi mezani. Wenzangu wa utumishi wa umma wanaonisoma wanajua kwamba hili si tatizo la kijiji. Nimekaa katika vikao vya mjini vyenye viyoyozi ambako ajenda ya kwanza katika akili za watu ilikuwa ni karatasi ya mahudhurio.

Kilichobadilisha mambo kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ajenda ambayo wengi huivuka mbio: yatokanayo. Zamani katibu aliuliza, “Kuna yatokanayo?” watu wakasema hakuna, tukaendelea. Leo kila uamuzi wa kikao kilichopita unasomwa pamoja na jina la aliyepewa kuutekeleza na tarehe aliyoahidi. Mwenye jina anasimama. Mara ya kwanza nusu yetu hatukuwa tumefanya lolote, na chumba kilikuwa cha moto kuliko siku ya mkutano mkuu. Mimi nilikuwa nimepewa kufuatilia bei ya salfa kwa wasambazaji wawili, nikawa nimesahau. Nilisimama kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi. Mara ya pili walioshindwa walikuwa wawili tu.

Pia muhtasari unasomwa kabla hatujatoka chumbani, na anayepinga anaandikwa jina na sababu. Meneja alilipinga hili kwa muda mrefu. Alisema Ofisa Ushirika na wakaguzi wa COASCO wataona majina ya waliopinga na kudhani chama kina mgogoro. Nadhani aliogopa kweli, kwa sababu tumefundishwa miaka mingi kwamba kauli moja ndiyo heshima ya kikao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 haisemi hivyo. Ni sisi tuliojisemea.

Sijui kama ghala litajengwa. Makadirio mapya yapo, yameandaliwa na fundi aliyeshindana na wengine wawili, nayo yatapelekwa mkutano mkuu. Bado tunachelewa kuanza. Bado wapo wanaokuja kwa ajili ya kuku. Mwenyekiti bado hanitanii kama zamani, na nikipita kwake jioni chai inakuja, lakini inakuja kimyakimya.

Uchaguzi uliopita uliingiza wajumbe wawili wapya. Mmoja wao ni mama mdogo. Katika kikao chake cha kwanza alikaa karibu na dirisha, kabrasha lake limekunjwa mara nne ndani ya kanga, na hakusema neno mpaka tulipofika katika taarifa ya mapato na matumizi. Mhasibu alisoma kwa kasi yake ya kawaida, akafika mwisho, akafunga daftari. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja, akamgeukia yeye kwanza, kwa kuwa mgeni wa bodi tunamhesabu kuwa ndiye mdogo hata akiwa na mvi.

“Sijaelewa,” akasema mama mdogo.

Chumba kikanyamaza. Meneja, kalamu ikiwa imeinuliwa, alimtazama Mwenyekiti. “Hili nalo niandike? Kwamba mjumbe hakuelewa?”

“Andika,” akasema Mwenyekiti. Kisha akamwomba mhasibu afungue tena daftari na aanzie juu, polepole, kwenye salio la mwezi wa Juni.